Mtani wa Serikali

Sheria ilimtaka kila aliyefiwa atemee mate kipimo cha ukutani kila asubuhi, maana majonzi, walisema wakubwa, hufunika vinasaba vinavyoizuia saratani. Mzee Mkude, ambaye mkewe aliuawa na saratani hiyohiyo huku wakubwa hao wakiwa mikutanoni, alitema kwa hasira. Taa ikawaka nyekundu. Ingeendelea hivyo mpaka jioni, wangekuja kuichukua kanga ya marehemu, eti ndiyo inayomliza.

Basi kata ikamletea mtani: Bi Kalunde, Mnyamwezi mwenye kitambulisho shingoni.

“Mluguru wee! Mkeo hakufa, alikimbia kukoroma kwako!”

“Toka kwangu na serikali yako!”

“Nasikia hata huko makaburini ameomba ahamishiwe mbali, wewe usije ukalazwa ubavuni pake!”

Mzee akabana midomo, mabega yakamtikisika, kicheko kikampasuka mpaka akashika ukuta. Akatema tena. Taa ikawa kijani. Vinasaba vimefunuka, kanga imepona.

Jioni akaikumbatia ile kanga ili alie kidogo, kama kawaida yake. Kikamtoka kicheko. Akajaribu tena, kicheko.

“Wezi nyie!” akakifokea kipimo, mate yakikirukia. “Mke wangu mlimwacha afe, na sasa hata kilio changu mmekitaifisha!”

Kipimo kikampongeza kwa afya njema.