Uzi Mwekundu Ndani ya Kutu

Reino Lahti alizima grenda ya kukwangulia, akainamia madigadi ya kulia ya gari la kijani, akatafuta uzi mwekundu. Hakuuona. Akavuta barakoa juu ya pua, akawasha tena.

"Usiruke hata upana wa kidole kimoja," alisema Helmi Kangas. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na jiko la kuni, chupa ya kahawa mapajani, na hakuwa ameondoka hapo tangu saa mbili asubuhi. Gari lilikuwa la mumewe, Waino. Huu ulikuwa mwaka wa ishirini na tisa tangu Waino atoweke.

Uzi huo, aliotarajia kuukuta umenaswa kwenye bati, ulikuwa wa koti. Koti lilikuwa la Kaisa, binti wa Reino, aliyegongwa na gari akafa Desemba moja akitoka shule, ana miaka tisa, na aliyemgonga hakusimama. Siku tatu baadaye watu wakaona madigadi ya Waino ina puti mbichi, ile ya kuzibia mabonyeo, na rangi mpya. Waino akasema aligonga kulungu siku chache kabla. Huku kwetu Michigan ya kaskazini, kila mlevi aliyebonyeza gari lake husema amegonga kulungu. Polisi walikwangua rangi kidogo, hawakupata neno, wakamwachia.

Reino hakumwachia. Alisema dukani, alisema kanisani, alisema hata ndani ya sauna, bafu la mvuke, mbele ya wanaume walio uchi, mpaka hakukuwa na mtu wa kumsalimia Waino. Theluji ilipoyeyuka, Waino hakuwepo. Watu wakasema amekimbia dhambi yake. Reino hakuwabishia.

Gari likabaki ghalani, kutu ikijilia. Sasa mjukuu wa Helmi amepata leseni na analitaka.

"Simpi mtoto gari lililoua mtoto," Helmi alikuwa amemwambia Reino wiki iliyopita, mlangoni pa gereji, bila hata salamu. "Utaifungua hiyo puti mbele yangu. Ukiukuta uzi, gari liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mimi nitakupigia magoti nikuombe msamaha. Usipoukuta, utaniambia hivyo kwa mdomo wako."

"Kwa nini mimi? Mafundi wamejaa."

"Wengine watanionea huruma, wanidanganye. Wewe huna huruma na mimi."

Miaka yote hiyo Reino alikuwa akimwona Kaisa kwenye vioo vya magari aliyoyatengeneza. Mgongo tu, lile koti jekundu, wala hageuki. Leo aliutaka ule uzi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Uzi mmoja tu, apumzike.

Puti ikatoka vipande vipande. Chini yake bati lilikuwa limeliwa, ukiligusa linamomonyoka kama mkate mkavu. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu haina adabu.

"Umepauka, mzee," alisema Helmi, akimmiminia kahawa. "Usinifie hapa, mimi hiyo mashine siwezi hata kuinyanyua."

"Niache nifanye kazi."

"Nilikuwa nawaza, pengine Waino yuko Minnesota. Ana mke mwingine, mnene, anajua kupika."

"Hana mke mwingine."

Helmi akacheka. "Alaa! Leo unamtetea?"

Reino akawasha grenda.

Alifika nyuma ya taa, pale bati linapojikunja. Hapo kitu kikinasa hakitoki. Akachokoa kwa bisibisi, taratibu. Kipande cha mwisho cha puti kikaanguka, na ndani ya mkunjo kulikuwa na kitu.

"Nini hicho?" Helmi alikuwa ameshasimama.

Manyoya. Mafupi, ya kijivu, fungu zima, yamebanwa kwenye bati na kufunikwa na puti tangu siku ile. Reino akatafuta tena kwa tochi, akatafuta kwa kucha mpaka kidole kikatoka damu. Hakuna uzi. Lilikuwa bonyeo moja, limegongwa mara moja na kunyooshwa mara moja.

Helmi alichukua unyoya mmoja, akaukunja kati ya kucha zake. Ukakatika kama bua, mtupu ndani. Amechuna kulungu kila Novemba tangu usichana, hakuhitaji kuambiwa kuwa ni la kulungu.

"Sasa kwa nini alikimbilia kuziba?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hicho ndicho kilichommaliza. Angeliacha bonyeo lilivyo, wote tungeona."

Reino alilijua jibu. Fundi yeyote wa bodi za magari analijua, na hata mwaka ule angelijua, kama angetaka.

"Chumvi," alisema. "Ukiacha bati wazi Desemba, ikifika Pasaka huna madigadi. Hata mimi ningeziba siku ile ile."

"Basi sema. Kwa mdomo wako."

"Waino hakumuua Kaisa."

Helmi akalia na kucheka kwa pamoja, akaung'ang'ania mkono wa Reino na vumbi lake lote. "Jamani, basi anaweza kurudi! Hasira nilizokuwa nazo kwako, we mwanamume, Mungu ndiye anajua. Lakini wewe uliyemfukuza ndiye utakayemwita. Utaandika barua gazetini, yenye jina lako, aisome popote alipo. Kaa. Andika sasa hivi, kalamu hii hapa."

Reino alikaa. Akaandika "Ndugu yangu Waino," kisha mkono ukagoma. Chini kule kwenye shimo la mgodi uliofungwa, alikomsukuma kwa mikono hiyo hiyo siku theluji ilipoanza kuyeyuka, gazeti halifiki.