Maji Meupe ya Lambo

Maji ya lambo yalikuwa meupe, yametakata hadi chini, na hilo ndilo lililomtia Salwa hofu.

Alichota chupa moja, akajifunika kanga gubigubi pale pale ukingoni, akawasha tochi ya mwanga wa buluu aliyoiazima kwenye maabara ya chuo kule Chimwaga. Maji yakawaka mekundu kama kaa la moto. Akaizima upesi.

Alipojifunua, kijiji kizima kilikuwa kinamtazama. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa inanuka ng'ambo ya lambo. Mbele ya watu alisimama mzee Mazengo, ambaye zizi lake lilibaki tupu. Pembeni, peke yake, alisimama Swalihu, baba yake Salwa, muuza dawa za mifugo na za mashamba hapo Chemba. Walisema dawa yake ya minyoo ndiyo iliyoua, na mlango wa duka lake ulikwisha kupigwa mawe.

Kwenye simu baba alikuwa amemsihi asije. "Kaa usome, mwanangu. Haya yatapita." Salwa akaja hivyo hivyo.

"Haya, binti Swalihu," Mazengo akasema, sauti imemkauka. "Ng'ombe wangu wameuawa na nini?"

"Shikamoo, mzee. Si dawa ya minyoo. Ni ule utando wa kijani uliokuwa juu ya maji. Ni vijidudu, na hivi vina sumu."

Watu wakanong'onezana. Swalihu akashusha pumzi.

"Basi imetosha, mwanangu. Twende nyumbani."

"Haijatosha," akadakia Ruthu, mke wa Mazengo. "Utando ulikuwepo tangu mvua zikatike, na ng'ombe hawakufa. Wamekufa maji yalipotakata. Kwa nini?"

Salwa akamtazama baba yake. Angeweza kunyamaza. Lakini mama wa watu alikuwa amesimama na kamba ya ndama mkononi, hana ndama.

"Vijidudu hivi vinakula mwanga wa jua," akaanza taratibu. "Ndani yake mna protini za rangi zinazopokezana ule mwanga, kama watu waliojipanga wakipeana ndoo kutoka kisimani mpaka jikoni. Kijidudu kikiwa kizima, ndoo inafika, haumwagiki mwanga mwingi. Kikipasuka, safu inavunjika. Mwanga unakosa wa kuupokea, unamwagika nje. Ndio wekundu niliouona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vimepasuka vyote kwa mpigo, na sumu iliyokuwa matumboni mwavyo imeingia kwenye maji. Ng'ombe walikuwa wanaukwepa utando. Maji yalipokuwa meupe, wakanywa hadi wakatosheka. Havifi hivyo vyenyewe, mama. Kuna mtu amemwaga kitu humu. Nadhani mrututu, ile dawa ya buluu ya ukungu wa zabibu."

Aliposema neno hilo akatamani alirudishe. Wenye zabibu wote walijua mrututu unauzwa duka gani.

"Swalihu!" Kijana mmoja akamkaba ukosi wa kanzu. "Ulimuuzia nani?"

"Sikumbuki."

"Baba," Salwa akasema, machozi yanamlenga, "watakuua. Waambie."

"Nimesema sikumbuki." Alikuwa anatazama chini, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwingine. "Na wewe nilikukataza usije."

Ngumi ya kwanza ikamwangukia. Kofia ikabiringika vumbini.

"Mwacheni."

Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi irudiwe ndipo isikike. Mzee Mazengo alikuwa amepiga magoti ukingoni, viganja vyake vimo majini.

"Mwacheni Swalihu," akasema. "Nilitaka ng'ombe wangu wanywe maji safi."