Wino wa Chanjo

Foleni ya chanjo ya surua ilipofika mlangoni mwa zahanati, mama mkwe alimvuta kanga Salha, aliyembeba mwanawe mdogo.

"Mwanangu, usimchomeshe huyu. Sindano ndiyo iliyomletea Nasra usonji. Unataka na mdogo wake asiseme?"

Wanawake wakageuka. Nasra, binti mkubwa wa Salha, alikuwa amechuchumaa akipanga vifuniko vya soda, hamtazami mtu.

Maneno hayo Salha alikuwa ameyasikia miaka yote; leo akamgeukia.

"Mama, Nasra alikuwa hivi hivi kabla ya sindano. Nilikuwa nikimwita, hageuki. Na mjomba Kombo, kaka yako, aliyeshinda akipanga kokoto bila kusema na mtu? Yeye alichomwa sindano gani?"

"Enzi zetu sindano zilikuwa wapi?" mama mkwe akajibu kwa hasira, kisha akashika mdomo.

"Bibi, umejijibu!" mtu akacheka.

Mtoto akachomwa, akalia zahanati nzima ikasikia. Muuguzi akampaka wino kidole cha mwisho, alama ya waliochanjwa, na Salha akatoka naye kifua mbele.

Nje, mama mkwe alikishika kile kidole kidogo, akakipuliza wino ukauke. Nasra akainuka, akasogea, akanyoosha cha kwake.