Maboresho ya Mlango wa Mashua

Miguu ya mama mkwe ilikuwa tayari ndani ya kibanda cha mashua, mabega bado yalikuwa nje, na hapo katikati palikuwa na tatizo. Binti yake alikuwa amemshikia mkoba. Mume wa binti, mwenye mashua, ambaye alijipa mwenyewe jina la Kapteni, aligeuka akatazama maji kwa heshima.

"Ni huu mpira mpya wa mlango, mama," alisema. "Nimeuweka kuzuia maji."

Mama mkwe alijivuta juu polepole, akaketi ukingoni mwa mlango, akaupapasa ule mpira pande zote kama anayechagua kitambaa dukani. Halafu akasema basi, leo atawasubiri gatini.

Kapteni aling'oa nanga huku akipiga mluzi.

Jamani, tusimwonee. Mama mkwe, fundi cherehani mstaafu, alikuja kuwasalimu kwa wiki mbili, na sasa nyumba ilikuwa imeshabadilisha kalenda ukutani. Cherehani yake iliteka meza ya kulia. Alishona mapazia, akashona foronya, akamaliza nguo za majirani, na suruali za mkwewe hazikutoka kwenye kamba ya kuanikia bila kupitia mikononi mwake. Yote hayo Kapteni aliyavumilia. Lakini mashua! Kile kimashua cha tanga, chenye kibanda cha kulala watu wawili na mlango mmoja wa juu kama wa tangi la maji, ndicho mahali pekee alipokuwa akibaki na mkewe. Na humo humo mama mkwe alijilaza, akatoa amri kwa sauti ya kusikika nchi kavu: punguza mwendo, geuza, hilo wimbi umeliona? Juani hakai, kichwa humuuma. Asipoingia kibandani, hasafiri. Na kumwambia mama mkwe asije, nani ana ulimi huo?

Siku ya kutimiza miaka kumi ya ndoa ilikuwa inakaribia. Kapteni alikuwa amemwahidi mkewe kutwa nzima majini, wawili tu, kama walipokuwa wachumba. Kwa hiyo kazi ya kusema akauachia mlango.

Baada ya mpira ikaja fremu ya mbao ngumu, ya kuongeza uimara. Zikafuata bawaba nene za shaba zilizotokeza kwa ndani. Kisha wavu wa mbu, nao na fremu yake. Kila boresho lilikula upana wa kidole, na kila Jumamosi mama mkwe alijaribu, akakwama, akarudi gatini. Mkewe Kapteni aliuliza mbona maboresho yote yanaelekea ndani. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya ufundi.

Mama mkwe hakununa. Alianza kutembea kila asubuhi, mikono ikirushwa huku na huku, hadi mbwa wa mtaa wakamzoea. Mezani alikata nyama yake, akabaki na kipande cha kuonja, nyingine yote akaisukumia kwenye sahani ya mkwewe, pamoja na viazi.

"Kula, mwanangu," alisema. "Ufundi unataka nguvu."

Kapteni alikula. Angekataaje mkono wa mkwe? Tena alikula bila wasiwasi, maana mwili wake, alivyojisifu mbele ya wote, haukujua kunenepa: suruali zake zilimkaa vilevile kama mwaka jana, hazimbani popote. Mama mkwe akaafiki kwamba kweli, kuna watu wamejaliwa.

Taabu ni kwamba mama mkwe alizidi kupungua. Jumamosi moja aliingia mpaka mbavuni. Iliyofuata alishikwa na kwapa tu. Kapteni jasho likamtoka. Siku moja kabla ya sherehe yao alilala kifudifudi juu ya paa la kibanda, akihema kwa namna asiyoielewa, akazungusha ubao mwingine ndani ya fremu, akaukaza kwa skrubu. Paka angepita hapo kwa kujipinda.

Siku yenyewe ikafika. Mke alivaa gauni jipya. Mama mkwe alikuja na kikapu cha chakula.

"Nijaribu tu, mwanangu. Nikishindwa nitabaki."

Akainua mikono juu, akazama kama barua kwenye sanduku. Kutoka ndani alisikika akisifia hewa. Akampitishia binti yake tanga, kisha makasia, halafu akachomoza tena bila hata kugusa mbao.

Kapteni hakuamini macho yake. Alijiambia kwamba lazima fremu imeachia. Akaingiza miguu ili aikague kwa chini. Magoti yakapita. Mapaja yakapita kwa ubishi. Kiuno kikasema hapana.

Alivuta pumzi, akatoa pumzi. Hashuki, hapandi. Mkewe alimvuta mikono mpaka kicheko kikammaliza nguvu, akaketi. Wimbi likapiga ubavuni na kumwaga maji juu ya paa, na kwa mara ya kwanza tangu mashua inunuliwe, hakuna tone lililoingia ndani.

Mama mkwe alikiweka kikapu karibu na binti yake, mbali na Kapteni. Akapanda gatini, akafungua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya kuisukuma mashua, aliinama, akaupapasa mkanda wa suruali ya mkwewe kwa vidole viwili.

"Ungeniambia tu kwamba mnataka siku yenu, mwanangu," alisema kwa upole. "Ulipoanza kupunguza mlango, nami nikaanza kupanua suruali zako. Leo asubuhi kitambaa kimeniishia."