Bi Waridi wa Kitabuni

Binti wa chuo alimletea Bi Mashavu kijitabu cha utafiti wake. "Nilikuahidi siri, bibi. Jina lako sikuliandika. Humu unaitwa Bi Waridi."

"Waridi, na makunyanzi haya?" Bi Mashavu alicheka, akamfungia vitumbua vya njiani.

Binti alipoondoka, Shomvi, mwanawe, alikichukua kijitabu. Mama hakujua kusoma, basi akamsomea polepole: "Bi Waridi, muuza vitumbua wa kisimani mwenye jicho moja, hupigwa na mwanawe."

"Wauza vitumbua ni wengi, mwanangu."

"Wenye jicho moja?"

Shomvi alikunja ukurasa ule vizuri, akaenda kufunga mlango. Bi Mashavu aliendelea kugeuza vitumbua, kimoja kimoja, ingawa vilikuwa vimeshaungua.