Mlango wa Kijani Karibu na Kinu

“Toka! Toka kabla sijakuvunja miguu!”

Binti wa utafiti akatabasamu, akavuta kigoda, akaketi. Mzee alisimama mbele yake na fimbo, mate yakimruka. Huyu anaijua kazi yake, binti alijisemea moyoni. Hata fimbo wamempa.

Mkuu wa utafiti alishawaeleza waombaji wa kazi. Kabla ya kuajiriwa kwenye utafiti wa uchumi, ule wa kuuliza kwa nini watu hawajikwamui kwenye umaskini, kila mmoja angepelekwa kwa mwigizaji aliyelipwa kumtukana. Atakayenuna au kukimbia, kazi hana. Na binti aliitaka kazi hii kufa na kupona. Alishachoka kuitwa na kaka yake “msomi wa kitandani.” Akaelekezwa: mlango wa kijani, karibu na kinu cha unga.

“Samahani kwa usumbufu, baba. Nina maswali machache tu.”

“Maswali! Mwaka jana walikuja wenzako, wakauliza tunakula mara ngapi kwa siku. Wakaondoka wameshiba maneno yangu. Kupe nyie!”

Kupe! Binti nusura acheke. Akaangalia kishikwambi chake.

“Mwaka huu, kuna mtu wa nyumba hii aliyeugua akakosa matibabu?”

Fimbo ikashuka. Mzee aligeuka kutazama gauni la kike lililoning’inia msumarini.

“Mke wangu,” alisema. “Zahanati haikuwa na dawa. Nikambeba mgongoni kwenda hospitali. Njia nzima ananiambia nimtue, nipumzike. Nilipomtua…”

Akajiachia chini sakafuni, akalia kwa kwikwi, kamasi zikimtiririka.

Binti naye machozi yalimlengalenga. Na lile gauni! Walikuwa wamefikiria kila kitu. Akabonyeza jibu, akasimama, akampigia mzee makofi.

“Mzee wangu, wewe ni kiboko! Hapo kwenye kumbeba mkeo umenimaliza kabisa. Kidogo nikuamini!”

Mzee akainua uso, akamkodolea macho.

Simu ya binti ikaita. Ilikuwa namba asiyoijua, na mwanamume mwenye sauti nene, aliyechoka kungoja.

“We binti wa utafiti, umepotelea wapi? Niko hapa mlango wa kijani, nyuma ya kinu, tangu asubuhi. Matusi yako yote yananiozea mdomoni.”