Selotepu ya Maboksi

Kadi ya maonyesho ilikuwa tayari. Wiki nzima Hidaya alikuwa akiigonga maua kwa mihuri ya mpira aliyoichonga mwenyewe.

"Yafunike maua, nigonge jina langu," alisema Sefu, mwenye karakana. "Muhuri wangu mpana, wino utayachafua."

"Jina lako? Maua nimechonga mimi!"

"Wewe fundi tu. Fanya haraka."

Kwa hasira, Hidaya aliiacha karatasi ya gundi hafifu, ile inayobanduka bila kudhuru. Akachukua selotepu ya maboksi, akaikandamiza juu ya maua kwa ukucha.

Sefu akagonga, akatabasamu. "Haya, bandua."

"Bandua mwenyewe."

Akavuta. Maua yote yakang'oka. Jina lake likabaki, jeusi na safi, kando ya sehemu ya kadi iliyochunika.